Sauti Iliyoitika kwa Jina Langu

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia hunijia kwa sauti kwanza, sura yake hufuata baadaye. Nasikia jina langu likiitwa katika chumba chenye feni moja kule Changamwe, na mtu anaitika, "Labeka!" Ni sauti safi, yenye adabu, ya kijana aliyelelewa akaleleka. Ila haikuwa yangu. Sikuwemo chumbani kuisikia, na bado naisikia. Saa ile mimi nilikuwa Kisauni, nimekunja miguu mkekani, nikicheza dhumna.

Nitakueleza nilivyofika huko. Kwanza nikueleze kilichonifanya nishike kalamu, maana nina hasira, wala sitaki uidhanie kuwa ni hasira ya uzee.

Mpwa wangu Twahir, mtoto wa dada yangu Mwanaisha, ni mkaguzi wa uchomeleaji. Ndiyo kazi niliyoifanya mimi hadi nikastaafu. Wengine huunganisha chuma kwa moto. Mkaguzi huja baada yao, akayatazama maungio, akayapima, kisha akatia sahihi kwamba yako salama. Baada ya sahihi hiyo watu hupanda juu ya chuma kile, hupita chini yake, hujaza mvuke na mafuta ndani yake, na hakuna anayeuliza tena. Kwa sababu hiyo cheti cha mkaguzi hakipewi mtu kikawa chake milele. Cha Twahir kinamtaka, ndani ya miaka tisa, awe amekaa darasani saa themanini, na ishirini kati ya hizo ziwe za miaka mitatu ya mwisho. Kila saa ishuhudiwe na mwalimu aliyemwona kwa macho. Mimi ni mmoja wa walimu hao. Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi, huwa Changamwe na daftari langu la majina.

Basi Twahir alinijia nyumbani, hapa Timbwani, Likoni, Jumapili moja baada ya alasiri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibu kitako. Mamako hajambo?"

"Hajambo, akusalimu sana. Mjomba, nina kijikaratasi hapa, chataka sahihi yako tu."

Alikiweka mezani, na kando yake akaweka mfuko wa halua. Nilikitazama. Saa ishirini, zote zimejazwa kwa mwandiko wa kupendeza: tarehe, somo, mahali. Mahali ni darasani kwangu. Mwalimu ni mimi. Nami katika tarehe zile zote sikuwa nimeiona hata kofia yake.

"Siku hizi ulikuwa wapi, Twahir?"

"Kazini, mjomba. Na foleni za hiyo feri wazijua mwenyewe."

"Na barabara mpya ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri, yaenda wapi siku hizi? Zanzibar?"

Alicheka. Alidhani nafanya mzaha. "Mjomba, hizi saa ni za kujaza tu. Watu wasema kule watoako vyeti hawaangalii."

"Watu gani?"

"Wakaguzi wenzangu. Tuna kundi letu la WhatsApp."

"Katika kundi hilo, ni nani aliyelisoma sharti lenyewe?"

Alikisogeza kile kijikaratasi karibu nami. "Hakuna alisomaye, mjomba. Ni kurasa nyingi."

Niliingia ndani nikamtolea sharti lenyewe, lililopigwa chapa, limejaa alama zangu za penseli. Nilimsomea pale pasemapo kwamba karatasi za mahudhurio huweza kuitishwa na kukaguliwa, na pale pasemapo cheti hufutwa zikionekana za uongo. Alisikiliza kwa heshima ya mtu angojaye mvua ipite.

"Mjomba, cheti chafa mwisho wa mwezi. Kikifa, kazi ya matangi naipoteza, na mtihani niuanze upya kama mtoto. Ni sahihi moja tu." Kisha akainama karibu nami, akateremsha sauti. "Nani atajua?"

Mwanangu, swali hilo niliwahi kuulizwa mimi, nami nikalikubali. Nilimrudishia halua yake nikamwambia aende, aje darasani Jumamosi, na Jumamosi zote zifuatazo. Na za katikati ya wiki nitamfundisha mwenyewe, mradi akae mbele yangu. Wiki tatu zilikuwa zimesalia. Saa ishirini zingeenea ndani yake na nyingine zikabaki. Aliondoka bila kuniaga, na saa moja haikupita kabla mamake hajanipigia simu.

"Kakangu, wataka kumnyima mwanangu riziki kwa wino?"

"Nataka aje asome, Mwanaisha."

"Babake alikufa kazini. Huyu mtoto tumemlea mimi nawe, si mimi peke yangu. Huna huruma?"

Nilimwambia huruma ninayo. Hakuniamini, na sikuwa na njia ya kumweleza kwa simu kwamba huruma ndiyo ninayoiogopa. Wewe nitakueleza.

Nilipokuwa na umri wa Twahir nilikuwa mkaguzi katika yadi moja ya Changamwe iliyotengeneza matangi na mapipa makubwa ya mvuke. Nilikuwa kijana mwepesi, shati limepigwa pasi, penseli sikioni, na sifa zangu nikizijua mwenyewe kabla ya watu kuzitaja. Cheti changu kilikaribia mwisho. Sharti la kukihuisha lilikuwa darasa la siku mbili juu ya vyuma vinene na vigumu, vilivyokuwa vimeanza kuletwa yadini wakati ule. Mwalimu alikuwa Bwana Omari, mzee mrefu wa Changamwe, mkaguzi aliyetufundisha sote kazi. Yeye na marehemu babangu walikuwa chanda na pete. Yaani walikuwa hawatengani.

Siku zile zile mbili palikuwa na mashindano ya dhumna, Likoni dhidi ya Kisauni, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa Likoni. Usinicheke. Au nicheke, nastahili. Rafiki yangu Kassim, mkaguzi mwenzangu, aliniambia: "Enda ukacheze, bwana wee. Darasa lile nimesikia ni la kujaza saa. Wasema mzee atarudia mambo yale yale ya mwaka jana."

Nilimuuliza, "Na jina likiitwa?"

"Nitakuitikia mimi. Yule mzee akiita majina hainui macho daftarini. Nani atajua?"

Sikumuuliza amesikia kwa nani. Kusikia kwake kulinifaa, na maneno yanayomfaa mtu hayaulizwi yametoka wapi. Huo ndio ubaya wa "nimesikia": huja na jibu ulilokwisha kulitaka.

Basi nikaenda Kisauni. Bwana Omari akaita majina, na nilipoitwa mimi Kassim akaitika. Kwetu, unajua, mwanamume aitwapo huitika "labeka," na mwanamke "abee." Tumefundishwa hivyo kabla hatujajua kuvaa viatu. Ni neno la mtu anayesema: mimi hapa, nimekusikia, niko tayari kwa unalolitaka. Kassim alilisema kwa jina lake, na baada ya majina machache akalisema kwa jina langu, kwa sauti aliyoikaza kidogo. Likoni tukashinda. Tuzo ilikuwa sufuria kubwa ya pilau, na nilivuka nayo feri nimejitwika kichwani kama taji, watu wakinipigia makofi.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, asubuhi, fundi mmoja pale yadini alichomelea sikio katika kifuniko cha tangi. Sikio ni kipande cha chuma chenye tundu, ambamo kulabu ya kreni hupita ili kifuniko kinyanyuliwe. Chuma chake kilikuwa kinene, cha aina ile mpya. Mchana wa siku ile ile niliitwa kukagua. Nilisafisha, nikapaka dawa nyekundu inayoingia ndani ya ufa, nikaifuta, nikapulizia ile nyeupe inayoufichua. Nyeupe ikabaki nyeupe kama kanzu ya Idi. Nikaandika: *Nimekagua. Hakuna ufa.* Nikatia sahihi yenye mstari mrefu chini yake, kwa kuwa sahihi yangu niliipenda.

Jumatano, saa nne asubuhi, kreni ilikuja kukinyanyua kifuniko. Aliyefunga kulabu alikuwa Karisa, kijana wa Kigiriama, mpole, mwenye mazoea ya kuimba kwa pua akifanya kazi. Alipomaliza kufunga alinitazama.

"Bwana mkaguzi, nikae upande huu niongoze mnyororo?"

"Kaa. Nimekagua mwenyewe."

Kifuniko kilipanda kiasi cha kimo cha mtu. Kisha sikio likakatika, kwa mlio mmoja mkavu, kama mtu aliyepiga kofi. Kifuniko kikaanguka kwa ubavu juu ya mguu wa kulia wa Karisa. Sitakueleza zaidi. Hospitali haikuweza kuuokoa, ukakatwa chini ya goti.

Bwana Omari aliletwa yadini kuchunguza. Alilichukua sikio, akalitazama pale lilipokatika kwa kioo chake cha kukuzia, muda mrefu. Kisha akaniuliza.

"Lilichomelewa lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Ulilikagua lini?"

"Jumatatu mchana."

Alikiweka kioo mfukoni. "Chuma hiki," alisema, "kikichomelewa kwa rodi, vile vijiti vya kuchomelea, zilizonyonya unyevu, humeza ule unyevu. Siku ile ile hukioni kitu. Hupasuka baadaye, polepole, kesho, kesho kutwa. Kwa hiyo hakikaguliwi mpaka zipite siku mbili kamili. Nililifundisha hilo kutwa nzima. Nililiandika ubaoni. Niliwafanya wote walirudie kwa sauti moja, kama watoto wa chuo cha Qurani."

Nilikuwa nimefungua kinywa kusema sikulisikia vizuri. Hapo akaniita kwa jina langu, jina kamili, pamoja na la babangu, vile vile kama lilivyo daftarini.

Ulimi hauulizi. Nikaitika, "Labeka."

"Hiyo ndiyo sauti yako," akasema. "Ile ya darasani haikuwa hii."

Ardhi ya yadi ile ilikuwa ya saruji, mwanangu, na nilitamani inimeze. Nilidhani atanipeleka kwa wakubwa, anivunjie cheti. Nilikuwa tayari. Sikuwa tayari kwa aliloliongeza.

"Nilijua papo hapo. Kassim namfundisha tangu hajaota ndevu, nitapotewaje na sauti yake? Nilinyanyua kalamu nilikate jina lako. Nikamkumbuka babako, nikakumbuka una mama wa kumlisha, nikasema, aah, kijana huyu, nimwachie. Nikaweka alama ya kuhudhuria." Alilitia lile sikio mkononi mwangu. "Basi usiubebe mguu wa Karisa peke yako. Wewe hukuja. Kassim aliongopa. Na mimi nilikuonea huruma. Sote watatu tulimkata."

Alikwenda ofisini akayaandika yote, na lake mwenyewe akalitanguliza. Cheti changu kikafutwa, cha Kassim kikafutwa, na yeye akalirudisha daftari la majina, akasema hafai tena kulishika. Hakufundisha tena hadi alipofariki. Mimi ilinichukua miaka kurudi mtihanini. Kassim hakurudi; alifungua duka la vyombo, na kila tukionana tunaongea habari za mpira.

Nilikwenda kumtazama Karisa hospitalini. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya unyevu na rodi na chuma kipya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kuelewa:

"Lakini si ulisema umekagua?"

Sasa yuko Ziwa la Ng'ombe, ana wajukuu, na tunatembeleana katika sikukuu zake na zangu. Akivuka mlango wangu humtangulia ile fimbo yake, nami huisikia tangu barazani. Wala hajaliuliza swali lile tena. Hana haja.

Sasa turudi kwa Twahir, maana habari yake haikuishia kwenye halua.

Jumamosi iliyofuata nilifungua daftari nikaita majina. Tangu siku ile ya yadini mimi huita jina moja, nikainua macho, nikamtazama aitikaye, ndipo nikaandika. Wanafunzi hulalamika kuwa nachelewesha. Walalamike. Nilipofika kwa Twahir niliita, na kutoka nyuma kabisa, karibu na dirisha, mtu akaitika, "Labeka!"

Niliinua macho. Alikuwa kijana mwenye miwani, simwoni mara nyingi, akijifanya kutafuta kalamu chini ya meza.

Niseme kweli yangu mbele yako: kalamu ilianza kwenda kwenye alama ya kuhudhuria. Nilimwona Mwanaisha. Nilimwona shemeji yangu marehemu. Nilifikiri, ni wiki mbili tu, atajifunza tu kazini. Huruma iliingia mwilini mwangu tamu kama uji wa futari, nami nikaitambua. Ndiyo ile ile. Ndiyo iliyoshika kalamu ya Bwana Omari.

"Simama," nikamwambia yule kijana. "Wewe ni Twahir?"

"Maalim, Twahir alisema wewe ni mjombake, mumeshaelewana..."

"Nimekuuliza, wewe ni Twahir?"

"Siye."

"Basi keti kwa jina lako. Hilo jingine naliandikia hakuja. Na wewe nitaandika ulivyofanya, nikuulize tena mbele ya wenzako kama wajua ulikuwa ukimfanyia rafiki yako wema au nini."

Niliandika. Nilipeleka barua kwa watoao vyeti, na nakala nikampa Twahir mkononi ili asije akaambiwa na kundi la WhatsApp. Mwisho wa mwezi cheti chake kilikufa. Kazi ya matangi akapewa mwingine. Dada yangu haji kwangu tangu hapo, na Ramadhani imepita bila sahani yake ya vitumbua kunifikia. Naumia, sitakuficha. Lakini ndani ya yadi fulani huko Changamwe yuko mfunga kulabu nisiyemjua jina. Sijui anaimba kwa pua au haimbi. Najua jioni atarudi kwao kwa miguu yake miwili, na wala hatanijua.

Mwanangu, hasira yangu ni kwamba ninyi wakaguzi vijana mumepewa njia rahisi kuliko yetu na mwaikimbia. Darasa lipo, barabara ipo, sharti lenyewe li katika simu hiyo unayoisomea uvumi. Lisome. Ukiambiwa "watu wasema," uliza ni nani, naye amelisoma wapi. Akishindwa kujibu, asikuongoze. Zihesabu saa zako mapema, kila mwaka kidogo, usizirundike mpaka cheti kikaribie kufa ndipo ukatafuta mjomba. Na utakapokaa darasani, kaa kama mtu ambaye somo la leo huenda ndilo linalomhusu Karisa wake, kwa kuwa hakuna atakayekwambia ni lipi. Twasema kuhuisha cheti. Kuhuisha ni kukipa uhai, na karatasi haina uhai mwingine ila ule wa kichwa cha mwenyewe.

Nawe mwalimu uliyepewa kalamu ya kushuhudia, usimpe kijana wako alama ya huruma. Mpe saa zako, mpe nauli, mpe chakula, keti naye umfundishe mpaka uchoke. Alama usimpe.

Jumamosi iliyopita niliita majina kama kawaida yangu. Nilikuwa nimeliandika jina moja jipya mwisho wa orodha, la mtu anayejitayarisha kuufanya mtihani upya. Nililiita, nikainua macho. Alikuwa safu ya mbele, uso umemvimba, hataki kunitazama.

"Labeka," akasema Twahir, kwa hasira.

Hasira ilikuwa yake, na sauti ilikuwa yake. Nikaandika amehudhuria.

Mwenyezi Mungu akujaalie macho yasiyochoka kutazama, mwanangu, na mkono mzito wa kutia sahihi. Akulindie miguu yako na ya wale wasimamao chini ya kazi yako. Na siku utakapoitwa kwa jina lako mahali ambapo hakuna wa kukuitikia, akujaalie uwe na lako la kujibu. Amin.